Umeme umekatika, samaki wanahema: tafuta chanzo, okoa tangi

Umeme ukikatika, wengi huanza kuhangaika na joto la maji. Joto linaweza kusubiri kidogo. Tangi la lita 100 halipoi kwa nusu saa. Hupoa taratibu, na kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyochelewa. Kinachoisha mapema ni hewa iliyomo majini. Na kinachoua samaki wengi kuliko watu wanavyodhani ni chujio lililokaa kimya saa nyingi, likawashwa bila kuoshwa mara umeme uliporudi. Hayo mawili ndiyo nitakayoyakalia zaidi. Mengine nitayagusa tu, kwa kuwa mojawapo linaweza kuwa ndilo linalokusumbua sasa hivi.

Kama uko gizani wakati huu unaposoma, fanya hivi kwanza. Chomoa hita na chujio ukutani, ili umeme ukirudi ghafla visiwake kabla hujavikagua. Kama una mtungi wa gesi ya kabonidioksaidi kwa ajili ya mimea, ufunge kwa mkono. Usitie chakula hata chembe. Kisha chukua tochi, kaa mbele ya kioo dakika mbili bila kugusa kitu, uwaangalie samaki. Dalili wanazoonyesha zitakueleza mengi kuliko kuhesabu saa ambazo umeme haupo.

Samaki wote wako juu, midomo inagusa uso wa maji

Hii ndiyo dalili ya haraka kuliko zote. Samaki wanapanda kwa pamoja, wanakaa mshazari vichwa juu, midomo inafunguka na kufumba palepale maji yanapokutana na hewa. Vifuniko vya mashavu vinapiga harakaharaka. Ukisogea wanashuka kidogo, kisha wanarudi juu. Konokono nao wanapanda kioo hadi kuvuka mstari wa maji, na uduvi wanajikusanya karibu na uso. Ukiwaona konokono wengi wametoka majini kwa mpigo, usingoje samaki wathibitishe.

Chanzo ni upungufu wa oksijeni. Maji hupokea oksijeni kupitia uso wake. Pampu inapofanya kazi huuvuruga uso huo na kuyaleta juu maji ya chini ambayo hewa yake imetumika. Mapovu ya jiwe la hewa nayo kazi yake kubwa ni hiyohiyo ya kuyasukuma maji yazunguke. Oksijeni inayotoka kwenye povu lenyewe kuingia majini ni kidogo. Kwa hiyo pampu ikisimama, maji ya juu kabisa yanabaki na hewa, ya katikati na ya chini yanachoka, na hakuna cha kuyachanganya.

Watu huuliza: nina muda gani? Hakuna jibu moja. Tangi pana lenye samaki wachache wadogo linaweza kukaa siku nzima bila shida ya hewa. Tangi jembamba na refu lililojaa samaki wakubwa linaweza kuanza kuhema ndani ya saa moja au mbili. Angalia wingi wa samaki ukilinganisha na upana wa uso wa maji, wala usihesabu lita peke yake. Angalia pia joto: maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 za Selsiasi hujaa oksijeni kwa takriban miligramu 9.1 kwa lita, yenye nyuzi 25 miligramu 8.3, na yenye nyuzi 30 miligramu 7.6 tu. Maji ya bahari hubeba pungufu ya hapo kwa karibu moja ya tano, ndiyo maana wenye matangi ya maji ya chumvi wana muda mfupi zaidi. Wakati huohuo, maji yakipata joto samaki huhitaji hewa nyingi zaidi, kwa hiyo wanabanwa pande zote mbili.

Halafu kuna giza. Mimea hutoa oksijeni ikiwa na mwanga; gizani nayo huvuta oksijeni kama samaki. Tangi lenye mimea tele ambalo umeme wake umekatika jioni hufikia hali mbaya zaidi alfajiri, kabla hakujapambazuka. Ukikatika mchana na kuna mwanga wa dirishani, mimea hiyohiyo inakusaidia.

La kufanya ni rahisi, nalo halihitaji kifaa. Chukua jagi, lizamishe kwa kina uwezavyo, lijaze, linyanyue shubiri moja juu ya uso wa maji na umwage polepole, maji yapige uso na kutoa mapovu. Fanya hivyo dakika tano mfululizo, ukihama kutoka kona moja hadi nyingine. Usimwage kwa kishindo hadi ukafukua changarawe na kutimua taka za chini, kwa maana taka hizo zikitimka nazo hula oksijeni. Pumzika, angalia mashavu. Yakipunguza kasi na samaki wakaanza kushuka katikati ya tangi, umepatia. Rudia kila nusu saa, au mara tu wanapoanza kupanda tena. Usiku weka kengele ya simu. Kuchota mara moja saa nne za usiku kisha ukalala hadi asubuhi hakutoshi kwa tangi lililojaa.

Fungua kifuniko pia, au kisogeze kiache nafasi pana. Kama samaki wako ni warukaji, tandika wavu juu.

Kama ni wengi mno na mkono umechoka, wagawe. Beseni pana lenye maji ya tangi hilohilo, kina cha shubiri moja tu, lina uso mkubwa kwa maji machache na hupumua vizuri kuliko tangi refu. Hamisha wakubwa kwanza, kwa kuwa ndio walaji wa hewa. Samaki wa dhahabu wakubwa hasa wanahitaji hewa nyingi na nafasi. Beseni liwe safi, lisiwe lile linalofulia nguo kwa sabuni.

Usichanganye dalili hii na tabia ya kawaida. Beta na gurami wana kiungo maalumu cha kupumulia hewa ya nje, hivyo kupanda kwao mmojammoja, kuvuta hewa na kushuka si ugonjwa. Koridora naye hukimbia juu mara moja moja, humeza hewa na kurudi chini. Akianza kufanya hivyo kila baada ya sekunde chache, hapo ameshakwambia kwamba maji ya chini hayana kitu.

Umechota na kumwaga, lakini bado wanahema

Sasa tatizo huenda si oksijeni peke yake. Kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza. Tazama matamvua pale kifuniko cha shavu kinapofunguka: yakiwa mekundu makali kama yamechubuka, na samaki wanajisugua kwenye mawe au wanarukaruka kwa mshtuko, amonia inawaunguza. Kama una kipimo, pima mara moja. Kama huna, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyotayarishwa, yaani yaliyoondolewa klorini.

La pili ni kabonidioksaidi. Mtungi wenye vali ya umeme hujifunga wenyewe umeme ukikatika, lakini mtungi wenye vali ya mkono pekee huendelea kutoa gesi, nayo hujilimbikiza kwa kuwa uso wa maji umetulia. Dawa yake ni ileile, kufunga mtungi na kumwaga maji kutoka juu, ila itachukua muda mrefu zaidi kabla samaki hawajatulia.

La tatu ni maji mapya. Kama umeongeza maji ya bomba ndani ya saa chache zilizopita, fikiria klorini. Kuyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima huondoa klorini ya kawaida, lakini hakuondoi kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia. Hiyo inahitaji dawa ya kuondoa klorini iliyoandikwa kwamba inaimudu. Kumbuka pia kwamba umeme ukikosekana mara nyingi na maji ya bomba hukosekana, kwa hiyo ndoo mbili zenye maji yaliyokwisha tayarishwa ni akiba ya maana kuliko vifaa vingi vinavyouzwa.

Samaki wamelala chini, mapezi yamebanwa, hawasogei

Mashavu hayapigi haraka. Yanapiga polepole kuliko kawaida. Rangi zimefifia. Hiyo ni baridi. Soma kipimajoto kabla hujafanya lolote, kwa kuwa samaki aliyepoa na samaki aliyechoka kwa sumu wanaweza kufanana wakiwa wamelala.

Samaki wengi wa maji ya joto huvumilia kushuka taratibu hadi nyuzi 20 kwa muda mfupi. Diskasi, ambaye hufugwa kwenye nyuzi 28 hadi 30, hana uvumilivu huo. Samaki wa dhahabu hatajali kabisa. Kinachoumiza zaidi ni mabadiliko ya ghafla, hata yale yanayotokana na huruma: mtu anaona maji yamepoa anamimina birika la maji ya moto, na samaki waliokuwa wanasinzia wanakufa.

Anza kwa kuzuia joto lisitoke. Funika pande nne na hata chini, kama inawezekana, kwa blanketi zito, maboksi au vipande vya povu gumu. Juu funika nusu tu. Ukifunika kote unaziba njia ya hewa. Wenye beta na gurami waache nafasi kati ya maji na kifuniko, kwa kuwa samaki hao wanavuta hewa ya hapo na wanaihitaji iwe na uvuguvugu.

Kisha, kama bado linashuka, tumia chupa zilizofungwa zikielea. Hapa hesabu inasaidia kuondoa hofu na matumaini ya bure kwa pamoja. Chupa ya lita 2 yenye maji ya nyuzi 60, ikipoa hadi 25, inatoa joto linaloweza kupandisha lita 100 za maji kwa nyuzi 0.7 tu. Chupa moja haitawachemsha samaki, wala haitaokoa tangi lililopoteza nyuzi 6. Utahitaji kuzibadilisha mara kwa mara, na lengo liwe kuzuia lisishuke zaidi. Toa maji kidogo kwanza ili tangi lisifurike chupa zikiingia, na uyarudishe baadaye.

Usiwashe jiko la mkaa wala jenereta ndani ya chumba ili kuokoa samaki. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha.

Shida ikiwa ni joto kupanda, kinyume chake kinafanya kazi: fungua kifuniko, pepea uso wa maji, elesha chupa iliyogandishwa. Chupa ya lita 1 iliyoganda, ikiyeyuka na kufikia joto la tangi, hushusha lita 100 kwa takriban nyuzi 1. Usitumbukize barafu tupu, kwa kuwa hutajua inapunguza kwa kasi gani na mara nyingi imetengenezwa kwa maji ya bomba.

Maji yamefanya ukungu mweupe, au yananuka

Mara nyingi mtu amewapa chakula. Anaona samaki wanahangaika juu, anadhani wana njaa. Chakula kisicholiwa huoza, bakteria wanaokiozesha hunywa oksijeni iliyobaki, na amonia hupanda bila chujio la kuishughulikia. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku kadhaa bila kula na asidhurike. Vifaranga ndio wa kuhurumiwa, na hata wao wapewe chembe zinazoisha hapohapo.

Chanzo kingine ni samaki aliyekufa nyuma ya jiwe. Wahesabu. Mmoja tu asiyeonekana kwenye tangi dogo anatosha kuharibu kila kitu kwa usiku mmoja. Toa mabaki kwa wavu, nyonya taka za chini kwa mrija, badilisha robo ya maji. Usibadilishe yote.

Sakafu imelowa

Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji ikisimama, maji hurudi kwa mrija na kuiingia, kisha hudondoka sakafuni. Inyanyue iwe juu ya tangi, au weka kwenye mrija ile vali ndogo inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja. Kama iliingia maji, usiichomeke hadi ikauke kabisa.

Kwenye mfumo wenye tangi la pili chini, bomba linalorudisha maji juu hugeuka kuwa la kunyonya pampu inapozima, na maji hushuka mpaka mdomo wa bomba utakapopata hewa. Mdomo ukiwa umezama sana, tangi la chini litafurika. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, na ulisafishe mara kwa mara maana mwani na konokono huliziba. Pia usijaze tangi la chini hadi juu.

Pampu ya akiba ilikuwa inafanya kazi, asubuhi umeikuta imezima

Pampu ndogo za hewa zinazotumia waya wa kuchajia simu ni msaada mkubwa, na ningependa kila mwenye tangi awe nayo kabla hajanunua mapambo. Nyingi hutumia takriban wati 1. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37 kwa hesabu, na baada ya upotevu wa ndani unabaki na 25 hadi 30 hivi, yaani siku nzima ya mapovu.

Lakini pawabenki nyingi hujizima zikiona kinachochomekwa kinavuta umeme mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Ndicho kinachotokea saa nane za usiku wewe ukiwa umelala. Chomeka kitu cha pili, kwa mfano taa ndogo, ili mzigo uongezeke. Au ijaribu mchana: iache na pampu kwa saa mbili ukiwepo.

Kama inaungwa na betri ya gari na inveta, pampu ikawa inavuma kwa sauti nzito na kupata joto, inveta yako huenda inatoa umeme wa mawimbi ya mraba ambao mota hizi haziupendi. Pampu za kutumia umeme wa betri moja kwa moja, wa volti 12 au 5, zinaepuka shida hiyo pamoja na upotevu wa inveta. Na usiunge hita kwenye betri. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, nusu yake ndiyo salama kutumia. Hita ya wati 100 itaimaliza nusu hiyo kwa saa tatu, ilhali pampu ya wati 5 ingeendelea zaidi ya siku mbili.

Chujio wakati umeme haupo

Chujio si sponji tu. Humo ndani, kwenye kila tundu la sponji na kila kokoto la udongo, wamo bakteria kama Nitrosomonas na Nitrospira, wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti isiyo na sumu kali. Wanaishi kwa oksijeni. Kwenye chujio la mkebe lililofungwa, maji yakisimama, oksijeni ya ndani huisha ndani ya saa chache. Bakteria hawa hawafi papo hapo. Hupunguza kazi na kusinzia. Tatizo ni wale wenzao wa uozo, wanaoendelea kuvunja taka bila hewa, wakizalisha amonia na gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye sumu na harufu ya mayai viza.

Umeme ukichelewa zaidi ya saa mbili, fungua mkebe. Toa sponji na kokoto, uzitie kwenye wavu na kuzining'iniza ndani ya tangi karibu na uso, mahali unapomwagia maji kwa jagi. Au zilaze kwenye beseni lenye maji ya tangi yanayozifunika nusu tu, ukizilowesha mara kwa mara. Bakteria waliolowa na kuguswa na hewa hudumu kuliko waliozama kwenye maji mafu. Sponji ya ndani ya tangi, ile inayoendeshwa na hewa, haina shida hii: iunge na pampu ya betri, nayo inaendelea kama kawaida. Kama ningekuwa naanza upya tangi sehemu ambapo umeme haueleweki, ningeweka angalau moja ya namna hiyo, hata kama lipo chujio kubwa.

Umeme umerudi

Usichomeke kila kitu kwa furaha. Anza na kunusa.

Fungua mkebe uliokaa umefungwa usiku kucha na utaelewa. Maji ya juu ni ya kijivu, yana utando unaoteleza vidoleni, na harufu ya mayai viza inapanda kabla hata hujakinyanyua kikapu cha kwanza. Pampu ikiwashwa hapo, lita zote hizo zinasukumwa kwa dakika moja kwenye tangi la samaki ambao wamekesha wakihema. Watu wengi husema samaki walivumilia giza usiku mzima wakafa umeme uliporudi, nao hushangaa.

Mwaga maji hayo yote nje. Suuza sponji na kokoto kwenye ndoo ya maji ya tangi, kwa kukamua mara mbili tatu. Usisuuze kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua bakteria uliokuwa unawaokoa. Jaza maji safi yasiyo na klorini, funga, washa. Kama umeme ulikosekana kwa saa moja tu, kwa kawaida kuwasha moja kwa moja hakuna madhara, ila kunusa hakugharimu kitu.

Chujio linavuma lakini maji hayatoki: ndani kuna hewa. Lizime, linyanyue na kuliinamisha huku na huku hewa itoke, ongeza maji, jaribu tena. Likinyamaza kabisa, au likitoa mlio wa kukwaruza, chomoa, fungua sehemu ya mota, toa pangaboi dogo lenye sumaku, futa utelezi na chembe za mchanga, lirudishe. Pampu za zamani hasa hukwama pale zinaposimama baada ya kufanya kazi miezi mingi bila kupumzika.

Hita ndiyo ya mwisho, si ya kwanza. Hakikisha maji yameifunika hadi kwenye alama yake, kwa kuwa hita ya kioo iliyowaka ikiwa nje ya maji hupasuka ikiguswa na maji. Ichomeke baada ya chujio kuanza kuzungusha maji, ili joto lisambae. Tangi likiwa limepoa sana, panga kipimo chini kwanza na kukipandisha kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Usitie mkono majini hita ikiwa imechomekwa, na waya wote upite chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye soketi, matone yadondoke sakafuni badala ya kuifuata waya hadi kwenye umeme.

Taa ziache hadi kesho yake kama samaki wametaabika. Angalia pia taima, maana nyingi hupoteza saa, na utakuta taa zinawaka usiku wa manane kwa wiki nzima bila kujua kwa nini mwani umezidi.

Siku mbili hadi tano baadaye wanakufa mmojammoja

Umeme upo, maji ni maangavu, kila kitu kinazunguka, na bado kila asubuhi kuna maiti moja. Pima amonia na naitraiti. Bakteria waliopungua wanahitaji siku kadhaa kurudi kwenye wingi wao, na kwa siku hizo tangi lako ni kama jipya.

Soma amonia pamoja na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikishuka, uchachu umezidi). Kwa nyuzi 25, amonia yenye sumu kali ni kama 0.6% tu ya amonia yote pH ikiwa 7, lakini hupita 5% pH ikiwa 8. Hii inaeleza jambo linalowachanganya wengi: wakati wa giza kabonidioksaidi ilijilimbikiza na kushusha pH, hivyo amonia ikawa haina makali, pampu ziliporudi, gesi ikatoka, pH ikapanda, na amonia ileile ikawa sumu. Kwa hiyo baada ya kukatika kwa muda mrefu, badilisha robo ya maji kabla au mara tu baada ya kuwasha pampu, halafu pima kila siku kwa wiki moja. Amonia au naitraiti ikionekana, badilisha tena asilimia 25 hadi 30. Lisha mara moja kwa siku, kidogo.

Naitraiti ikiwa juu, samaki huhema hata maji yakiwa na oksijeni tele, kwa sababu huharibu uwezo wa damu kuibeba. Matamvua yao huonekana ya kahawia badala ya mekundu. Katika tangi la maji yasiyo na chumvi, gramu 1 ya chumvi ya kawaida kwa kila lita 3, iliyoyeyushwa pembeni kwanza, huzuia sehemu kubwa ya naitraiti isiingie mwilini. Kubadilisha maji bado kunahitajika.

Ukiona vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi na mwili, huo ni ugonjwa wa kimelea Ichthyophthirius multifiliis, ambao hupenda samaki waliodhoofishwa na baridi. Pandisha joto taratibu hadi nyuzi 28 au zaidi kwa samaki wanaolivumilia, ongeza mapovu maana maji ya joto yana hewa kidogo, na ukitumia dawa toa kwanza mkaa wa chujio, kwani unainyonya. Endelea na tiba siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho kutoweka. Kimelea hupata dawa kikiwa kinaogelea majini, si kikiwa kimejificha chini ya ngozi.

Tangi likishatulia, chagua siku uko nyumbani mchana, uzime kila kitu mwenyewe makusudi na ukae karibu. Andika baada ya muda gani samaki wa kwanza amepanda juu, na kipimajoto kimeshuka kiasi gani kila saa, kisha uwashe. Karatasi hiyo ibandike kando ya tangi, pamoja na jagi, tochi na pampu ya betri iliyokwisha jaribiwa.